Uzi: Chuo kikimlinda mtafiti, kimlinde dhidi ya nini? Kesi ya PACE na ugonjwa wa uchovu sugu

Tarakimu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uhuru wa wanataaluma ukitajwa humu jukwaani, mjadala hukimbilia siasa: profesa gani kaikosoa serikali, nani kanyang'anywa kiti. Kuna mlango mwingine ambao haubishwi hodi sana: pale chuo kikuu kinapougeuza uhuru huohuo kuwa ngao ili kazi ya watafiti wake isikaguliwe. Mfano unaoeleweka vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho ni wa Uingereza, kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaoandikwa ME/CFS. Nauweka na namba zake. Wenye sheria na maabara wataongeza.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Huu si uchovu wa kutoka shamba. Alama yake kuu ni kwamba mgonjwa akivuka uwezo wake kidogo tu, kwa kuoga, kusoma au kuzungumza na wageni, huporomoka saa kadhaa au siku moja mbili baadaye, na akilala haamki na nguvu. Wengi huanza baada ya maambukizi. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 nchini mwao, walio wengi wakiwa hawajatambuliwa na daktari. Kipimo cha damu hakuna. Majaribio ya tiba yakabaki kutegemea madodoso, na kizaazaa kimeanzia humo.

Jaribio la PACE lilichapishwa katika Lancet, jarida la tiba la Uingereza, Februari 2011. Wagonjwa 641, makundi manne: huduma ya daktari bingwa peke yake, huduma hiyo pamoja na kujipimia nguvu, pamoja na tiba ya fikra na tabia, pamoja na mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Liligharimu kama pauni milioni 5, nyingi zikiwa za umma, na sehemu ilitoka wizara inayosimamia posho za wasiojiweza kazini. Viongozi wake walikuwa Peter White wa Queen Mary na Trudie Chalder wa King's, vyuo vya London, pamoja na Michael Sharpe wa Oxford. Dunia ikaambiwa mazoezi na tiba ya fikra ndiyo dawa.

Sasa tazameni mizani. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa dodoso la maswali 10, kila moja alama 0, 5 au 10, jumla 100. Ili uingie kwenye jaribio ulitakiwa uwe na 65 kushuka chini, yaani uwe mgonjwa. Ili mwishoni uhesabiwe umefika "kiwango cha kawaida", ulitakiwa 60 kwenda juu. Rudieni kusoma. Mtu aliyeingia na 65 akatoka na 60 amezidi kuumwa, lakini kwenye kipengele hicho anaandikwa yuko kawaida.

Itifaki ya mwanzo, yaani mpango wa jaribio ulioandikwa kabla, haikusema hivyo. Ilitaka 85 ili mtu aitwe amepona. Kigezo kilishushwa baadaye.

---

Kibatari

Mkuu, hiyo 60 waliitoa wapi? Watu wenye PhD hawawezi kuokota namba njiani.

---

Tarakimu

Kibatari, haikuokotwa. Walichukua wastani wa jamii, 84, wakaondoa mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), 24, wakapata 60. Hesabu ni sahihi. Kosa ni mahali pa kuitumia. Njia hiyo inafaa pale alama zinapojipanga kama kengele, wengi katikati na wachache pembeni. Alama za dodoso hili hazijipangi hivyo: watu wengi wazima wamerundikana karibu na 100, halafu kuna mkia mrefu wa wazee na wagonjwa wanaouvuta wastani chini. Ukiondoa mkengeuko mmoja kwenye mrundikano wa namna hiyo unatua katikati ya wagonjwa.

Dodoso la uchovu lina ugonjwa uleule. Maswali 11. Yanaweza kuhesabiwa kwa njia mbili: ama 0 au 1 kwa kila swali (jumla 11), ama 0 hadi 3 (jumla 33). Kuingia ulihitaji 6 au zaidi kwa njia ya kwanza. "Kawaida" ilikuwa 18 au pungufu kwa njia ya pili. Chukua mtu aliyejibu maswali 9 kwa alama 2 na mawili kwa 0. Njia ya pili inampa 18, kwa hiyo yuko kawaida. Njia ya kwanza inampa 9, kwa hiyo ni mgonjwa wa kutosha kuingizwa kwenye jaribio. Mtu mmoja, siku moja, karatasi moja.

---

Daktari wa Zamu

Niongeze mambo mawili ambayo mwanafunzi yeyote wa tiba angepaswa kuyaona.

La kwanza: kila mgonjwa alijua anapewa tiba gani, na kipimo kikuu kilikuwa maoni yake mwenyewe. Ukimwambia mtu kwa miezi kwamba tiba hii inafanya kazi na kwamba asiuogope uchovu, kisha ukamuuliza "unajisikiaje?", jibu lake limeshatiwa chumvi kabla ya kutoka mdomoni. Na katikati ya jaribio washiriki walitumiwa jarida lenye shuhuda za waliofurahia matibabu. Hilo halifanywi.

La pili: vipimo visivyotegemea maoni. Kutembea dakika sita: kundi la mazoezi lilitoka mita 312 likafika 379. Kundi la huduma ya daktari peke yake lilitoka 326 likafika 348. Kundi la tiba ya fikra lilitoka 333 likafika 354, yaani halikuachana na lile lisilopewa kitu cha ziada. Mita 379 kwa dakika sita bado ni mwendo wa mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya hupita 500 bila kuhema. Kulikuwa pia na kifaa cha kufungwa mguuni kinachohesabu mienendo ya siku nzima. Walikitumia mwanzoni, wakakiacha kama kipimo cha mwisho kwa hoja kwamba kingewachosha wagonjwa. Kifaa cha kufunga mguuni kimchoshe mtu ambaye anapewa ratiba ya mazoezi? Haya.

---

Mwanasheria Mpole

Naingia kwenye sheria, maana ndiko chuo kilipojikwaa.

Machi 2014 mgonjwa mmoja wa Australia aliiandikia Queen Mary kuomba data za jaribio, bila majina. Sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote popote duniani kuomba, ili mradi ataje jina lake halisi na anuani ya kujibiwa. Barua pepe inatosha. Hatua zake ni hizi, na kila moja ina mtego wake.

Unaandika ombi. Chuo kina siku 20 za kazi. Mtego: ukiomba "data zote", wanahesabu saa za kutafuta. Kwa vyuo kikomo ni pauni 450, ambazo kisheria ni saa 18 za kazi. Ikizidi wanaruhusiwa kukataa bila hata kujadili kama data ni za siri. Kwa hiyo taja safu unazotaka moja moja. Mwombaji yule alitaja alama za uwezo wa mwili, alama za uchovu, mita za kutembea na vigezo vya ugonjwa, mwanzo na wiki ya 52. Hakuomba umri, jinsia wala kituo cha matibabu. Uchaguzi huo ndio uliomwokoa baadaye.

Wakikataa, unaomba mapitio ya ndani. Usiruke hatua hii; Kamishna wa Habari atakurudisha. Mapitio yakishindikana ndipo unaenda kwa Kamishna. Huyu hatozi ada lakini ni mwendo wa konokono: uamuzi wa kuitaka Queen Mary itoe data ulitoka Oktoba 2015.

Baada ya uamuzi, upande wowote una siku 28 za kukata rufaa kwenye baraza linalosikiliza rufaa za habari. Chuo kilikata. Kilitumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili, dhidi ya mgonjwa. Agosti 2016 baraza kwa wingi wa wajumbe likaamuru data zitolewe. Septemba zikatoka.

---

Kibatari

Sababu za chuo zilikuwa zipi hasa? Isije ikawa tunawaonea. Washiriki walikuwa na haki ya siri.

---

Mwanasheria Mpole

Swali la haki. Walikuwa na tatu za uzito.

Siri ya washiriki. Walidai mtu mwenye nia anaweza kuunganisha data na taarifa nyingine akawatambua watu. Baraza liliuliza: kwa njia ipi? Bila umri, jinsia, kituo wala tarehe, kinachobaki ni mstari wa alama. Hata mshiriki mwenyewe angepata shida kujitafuta, kwa kuwa wenye alama zinazofanana ni wengi. Chuo hakikuonyesha hatua moja baada ya nyingine jinsi utambuzi ungetokea, na katika sheria hii mzigo wa kuonyesha ni wa anayekataa.

Kwamba washiriki hawakukubali data zigawiwe. Hapa kuna somo la kuandika fomu ya ridhaa. Ahadi ya kutunza siri inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Ukishaondoa utambulisho, ahadi haijavunjwa. Vyuo vingi huandika fomu kwa ujumla mno, kisha vinajifunga kamba vyenyewe.

Ya tatu ilikuwa usalama wa watafiti: kwamba wakosoaji ni wanaharakati hatari. Baraza lilipodai ushahidi, kilichothibitika kilikuwa mtu mmoja aliyepiga kelele kwenye semina. Wajumbe wakaona hofu ile ilikuwa imekuzwa kupita kiasi.

King's nao walikuwa na lao. Makala moja ya PACE ilitoka mwaka 2012 kwenye PLOS ONE, jarida linalomtaka mwandishi akubali kutoa data zake. Profesa James Coyne alipoziomba, King's wakaliita ombi lake la usumbufu. Neno hilo ni kifungu cha sheria, si tusi tu. Mwaka 2017 jarida likaweka tangazo la wasiwasi juu ya makala hiyo.

---

Tarakimu

Matokeo baada ya data kutoka, kwa wanaotaka namba:

Kupona, kama ilivyochapishwa 2013: tiba ya fikra 22%, mazoezi 22%, kujipimia nguvu 8%, daktari peke yake 7%. Wachambuzi wa nje walipotumia vigezo vya itifaki ya mwanzo: 7%, 4%, 2% na 3%. Tofauti kati ya makundi ikapotea kitakwimu.

Kupata nafuu: Lancet ilisema 59% kwa tiba ya fikra na 61% kwa mazoezi, dhidi ya 45% ya daktari peke yake. Watafiti wa PACE wenyewe walipochapisha hesabu ya itifaki mwaka 2016, ilikuwa 20%, 21% na 10%. Mwaka 2018 barua ya wazi kwa Lancet ilitiwa saini na zaidi ya watu 100, wanasayansi na wabunge wakiwemo. Makala haijaondolewa.

---

Msomi wa Mwambao

Nipinge kidogo, maana uzi unaegemea upande mmoja.

Kunyanyaswa kwa watafiti kulikuwepo. Mwaka 2019 Sharpe aliliambia shirika la Reuters kwamba ameachana na utafiti wa ugonjwa huu kwa sababu ya mashambulizi ya mtandaoni. Mtafiti akitukanwa kila asubuhi, chuo kikae kimya? Sheria ya elimu ya Uingereza ya 1988 inataka mwanataaluma awe huru kuhoji yaliyozoeleka na kutoa mawazo yasiyopendwa bila kuhatarisha kibarua chake. Wazo kwamba mazoezi yanasaidia nalo lina haki ya kutetewa, hata kama wagonjwa hawalipendi.

---

Tarakimu

Mwalimu, sikupingi kwenye matusi. Lakini soma tena maneno uliyoyataja: uhuru wa *kuhoji*. Aliyekuwa anahoji ni nani hapa? Chuo kimlinde mtafiti wake dhidi ya vitisho, kimpe wakili akitishiwa, kizuie barua pepe za matusi, kiite polisi ikibidi. Lakini ombi la safu za namba halifiki polisi. Ukiviweka vitu hivi viwili kapu moja, mwenye swali la takwimu anaitwa mnyanyasaji, na mnyanyasaji wa kweli anapata pa kujificha.

Na uhuru unaenda pande zote. David Tuller, mwandishi wa habari za afya, alianza mwaka 2015 kuichambua PACE kwenye blogu ya Vincent Racaniello, profesa wa virusi wa Columbia. Nafasi yake iko Berkeley, na mshahara wake umetokana na michango ya umma iliyopitishwa kwenye mfumo wa chuo wa kupokea misaada. Chuo Kikuu cha Bristol kilimlalamikia kwa Berkeley zaidi ya mara moja. Berkeley hawakumgusa. Msaada wa chuo nilioukusudia ni huo: kupokea fedha kwa uwazi, kumpa mtu dawati na cheo, na kumwambia mlalamikaji aonyeshe sentensi yenye kosa la ukweli.

---

Daktari wa Zamu

Bristol wametajwa, basi na jaribio lao la SMILE litajwe: watoto wenye uchovu sugu, mbinu ya mafunzo inayouzwa kibiashara, matokeo 2017. Zaidi ya nusu ya washiriki 100 walikuwa wameshaandikishwa kabla ya jaribio kusajiliwa, na kipimo kikuu kilibadilishwa njiani: mahudhurio ya shule yakashushwa, dodoso likapandishwa. Jarida lilikuja kuchapisha sahihisho refu mwaka 2019. Huwezi kuwatazama nusu ya washiriki kwanza, ukachagua kipimo baadaye, halafu ukaita hilo jaribio lililopangwa.

Hasara haiishii kwenye karatasi. Mwongozo wa 2007 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, uliwapeleka wagonjwa kwenye mazoezi ya kuongezwa. Mpya ulitoka 29 Oktoba 2021, baada ya kusimamishwa dakika za mwisho mwezi Agosti kwa shinikizo la vyama vya madaktari. Umeweka ushahidi wa mazoezi kwenye daraja la chini au la chini sana, na umekataza ratiba yoyote ya kuongeza mazoezi kwa viwango vilivyopangwa kabla. Miaka kumi na nne hiyo.

---

Maabara Kwanza

Ulinganisho unaokosekana kwenye uzi huu ni kirusi cha XMRV. Oktoba 2009 jarida la Science lilichapisha kwamba kirusi hicho kimekutwa kwa wagonjwa 67 kati ya 101, na kwa watu wazima wa afya 8 kati ya 218. Habari kubwa mno. Maabara nyingine zikajaribu, zikakosa. Ikabainika kirusi chenyewe kilizaliwa maabara, kwa kuungana kwa vipande viwili vya virusi vya panya wakati seli za saratani ya tezi dume zilipokuzwa ndani ya panya, kisha kikachafua sampuli na vitendanishi. Makala ikaondolewa Desemba 2011. Mwaka 2012 kikundi cha Ian Lipkin kilipima wagonjwa 147 na wazima 146, wapimaji wakiwa wamefichwa sampuli ipi ni ya nani, na maabara zilizodai kukiona kirusi zikiwemo kazini. Hakuna aliyeweza kuwatofautisha.

Miaka miwili na ushee, jambo limekwisha. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu damu inaweza kugawiwa kwenye mirija mitatu ikaenda maabara tatu. Dodoso lililofungiwa kwenye kompyuta ya chuo haligawiki mpaka chuo kikubali.

Na mfano wa chuo kilichosaidia vizuri ni Edinburgh, mradi wa DecodeME. Pauni milioni 3.2 za umma, wagonjwa wakiwa ndani ya uongozi tangu kuandika ombi la fedha. Kichupa cha mate kilitumwa nyumbani kwa posta, ili hata asiyeweza kutoka kitandani ashiriki. Agosti 2025 walitoa matokeo ya awali: wagonjwa 15,579 dhidi ya wazima 259,909, maeneo manane ya jenetiki yakionyesha tofauti. Angalizo kwetu: uchambuzi ni wa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo msikimbilie kuusoma kama wetu.

---

Kibatari

Na huku kwetu, mtu anaweza kufanya alichofanya yule wa Australia?

---

Mwanasheria Mpole

Kwa raia, mlango upo. Kenya: ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inataja wazi uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi, na sheria ya kupata habari ya 2016 inatoa siku 21, ukikataliwa unaenda Tume ya Haki ya Utawala. Tanzania: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, siku 30. Zote mbili ni za raia, kwa hiyo mgeni atafute mwenyeji. Azimio la Dar es Salaam la 1990 kuhusu uhuru wa wanataaluma liliandikwa na jumuiya za wahadhiri wakiwaza dola. Siku zile hakuna aliyewaza faili la Excel.

---

Msomi wa Mwambao

Haya, nimeyapokea ya data. Sasa mtupe la vitendo: kijana anaandaa jaribio mwaka huu, afanye nini ili asije akafika barazani?

---

Tarakimu

Mwalimu, kwa ufupi:

Asajili jaribio kabla ya mshiriki wa kwanza, akitaja kipimo kikuu kimoja na namba itakayoitwa kupona. Mpango wa uchambuzi wa takwimu achapishe kabla ya kufungua data. Wa PACE ulichapishwa 2013, miaka miwili baada ya matokeo. Akilazimika kubadili kigezo, aripoti vyote viwili kwenye jedwali moja, cha zamani kikitangulia. Na ahakikishe kigezo cha kupona kiko mbali na cha kuingilia. Ni hesabu ya dakika tano.

Kwenye fomu ya ridhaa aandike: "Data zisizo na utambulisho wako zitapatikana kwa watafiti wengine." Anayekataa asiingie, au mstari wake usitolewe.

Faili la kutoa aliandae siku ya kufunga jaribio, si siku ya kuombwa. Aondoe jina, tarehe zote (aweke wiki kuanzia mwanzo), kituo, kazi na namba ya jaribio, kisha apange mistari upya kwa bahati nasibu ili mpangilio wa kuandikishwa usisomeke. Umri auweke kwa makundi ya miaka 10 au auache nje. Halafu ahesabu: kama kuna mchanganyiko wa sifa unaobaki na mtu chini ya watano, aunganishe makundi hayo.

---

Daktari wa Zamu

Ongeza kamusi ya safu. Faili lisilosema kama alama za uchovu ni za 0–11 au 0–33 litazua uzi mwingine kama huu.